Bati halikuwa na kosa

Kuna swali limeulizwa, upepo ukikuezulia paa la nyumba unaanza na nini. Nimecheka peke yangu manake mimi nilianza na ujinga, nilianza kukimbiza mabati.

Nipo kisiwani Mafia, Kilindoni. Kimbunga Hidaya kilipokuja ile Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatangaza siku kadhaa nyuma na wavuvi walishavuta ngalawa juu, ila mi na kichwa changu nikasema nyumba yangu ina bati geji 28 bhana, hizo kelele ziwahusu wenye geji 32 na makuti (kwa asiyejua, namba ikishuka ndo bati linazidi unene). Basi usiku upepo ukaingia kwa chini ya upenu upande wa bahari, bati zikawa zinapiga kama konda anapiga debe, kukatulia kidogo, mara KRRAA, kutazama juu naona mbingu na mvua inatunyeshea kitandani. Upande mzima umeondoka na papi zake (mbao zinazopigiliwa bati) na kenchi mbili (zile fremu za mbao zinazobeba paa), umeenda kulala kwenye minazi ya jirani.

Sasa jibu lenyewe, anza na umeme. Mke wangu ndo alikuwa na akili, alizima meni swichi mi sijavaa hata ndala, na maji yalishaanza kuchuruzika kwenye taa ya sebuleni. Mi huyo nje na tochi ya simu nagombania bati, jamani bati likiruka na upepo ni panga, nina nyuzi sita hapa kiganjani. Ziacheni zilale huko huko mpaka kuche. Kukicha piga picha kabla hujagusa kitu, mwenyekiti wa kitongoji akipita kuandika waathirika huna haja ya kubishana nae. Turubai nalo livushe juu ya kofia, pale kileleni mwa paa, lishuke upande wa pili alafu ligongelee mbao, usiweke mawe, yatakurudia kichwani.

Ila kilichonifundisha hasa ni mzee mmoja fundi, zamani alikuwa anaunda majahazi. Kafika asubuhi, bati hakuziangalia hata moja, kapanda ngazi kapitisha kidole juu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, akaniita. "Mwanangu, njoo uone. Mbao yako ilikaa hapa juu kama kuku anaatamia, haijafungwa na chochote." Kweli, naona misumari miwili ya inchi nne imeliwa na kutu ya chumvi, basi. "Bati halina kosa hili, limeondoka na mbao zake zote, misumari ya bati imeshika kuliko nyumba ilivyoshika."

Na siwezi kumlaumu fundi wangu wa mwanzo, yeye alitaka tuchomoze nondo za milimita 8 kwenye zege la lenta zifunge mbao, mi ndo nikambana nikasema gharama hizo, hela nikaiongezea kwenye bati za rangi ili nyumba ionekane.

Tumeishi na turubai mpaka mzigo wa mbao za dawa ulipovuka kutoka bara. Mzee akatoboa lenta kila baada ya hatua moja hivi, akazamisha vipande vya nondo kwa zege akavikunjia juu ya mbao, kenchi nazo akazifunga hapo hapo. Upenu akaupunguza, mi nilikuwa nimeurefusha kwa ajili ya kivuli kumbe ndo nilikuwa naupa upepo mkono wa kushikia. Pale ukingoni kila mgongo wa bati ukapata msumari wake wenye mpira, mgongoni lakini, ukigonga bondeni umejialikia maji.

Nondo zilizotumika nyumba nzima ni mbili tu, na hela yake haifiki bei ya bati moja.

Zile za kwenye minazi nimeokota tano, zimejikunja kama chapati, nimezungushia banda la kuku.