Mwalimu, usihamishie darasa sebuleni

Mwalimu, unasema umefundisha shuleni miaka mingi, sasa unataka kuwasomesha wanao wawili nyumbani, na unauliza uanze na ratiba ipi. Mimi ratiba ningeiweka kando kwanza. Angalia sheria ya unakoishi: Ujerumani mtoto analazimika kwenda shule, ilhali Uingereza mzazi anaruhusiwa kumfundisha mwenyewe.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Darasani, muda mwingi huliwa na kuita majina, kunyamazisha, kugawa madaftari na kuwasubiri ambao hawajamaliza. Nyumbani hayo hayapo. Somo la dakika 40 litakwisha kwa 15, nawe utaingiwa na hofu kwamba hujafundisha kitu. Usijazie mazoezi! Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki 1923, aliwataka watoto wadogo wapewe vipindi visivyozidi dakika 20.

Mtihani nao wa nini? Mtoto akigawanya 84 kwa 6, kaa ubavuni mwake umwambie ataje kila hatua kwa sauti. Kosa utalisikia kabla halijafika kwenye daftari. (Na kalamu nyekundu ifiche, tafadhali.)

Kitakachokusumbua zaidi ni ile sauti yako ya ualimu. Wanao wamezoea mama. Ukiwageuka ghafla ukawa mwalimu wa zamu, watagoma, hasa yule mkubwa. Wiki za mwanzo someaneni hadithi, pimeni vitu vya nyumbani kwa rula, fuateni maswali yao. Ratiba mtaipanga baadaye, nao wakiwa mezani.