Usichome aproni ya babu kabla hujaisoma

Mzee akifariki, mara nyingi huibuka sanduku ambalo watoto hawakuwahi kuruhusiwa kuligusa. Katika la babu yetu mlikuwa na aproni ya ngozi nyeupe ya mwanakondoo, kola ya bluu na nishani zake za loji, yaani tawi la Frimasoni, chama cha kindugu. Baadhi ya ndugu walitaka vichomwe siku hiyohiyo, kwa hofu ya yale yanayosemwa kuhusu Frimasoni. Niliwasihi wasubiri, na nawashukuru kwamba walinisikia.

Anza kwa kuvichunguza. Skwea na bikari ni alama ya Frimasoni. Pete tatu zilizoungana kama mnyororo ni ya Odd Fellows, chama kingine cha kindugu. Kisha geuza nishani. Nyuma ndiko huchongwa jina la mwenyewe, jina na namba ya loji, na mwaka aliotunukiwa. Ikiwa imetengenezwa Uingereza na ina mhuri wa simba anayetembea, hiyo ni fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha tupu. Usitegemee namba peke yake: namba za loji za Uingereza zilipangwa upya mwaka 1814, 1832 na 1863, kwa hiyo namba iliyoko kwenye kitu cha kale huenda baadaye ilipewa loji nyingine kabisa.

Sasa jiulize ni mali ya nani. Nishani aliyotunukiwa kwa utumishi wake ni yake. Ile inayoning'inia kwenye kola ya cheo kwa kawaida ni ya loji, na hupokezanwa kila uongozi unapobadilika. Hiyo irudishwe. Tuliporudisha ya babu, katibu wa loji alituandikia mwaka aliojiunga na kazi aliyojiandikisha nayo: fundi saa. Hakuna aliyejua nyumbani kwetu kwamba aliwahi kutengeneza saa! Kama loji imeshafungwa, iandikie Loji Kuu iliyokuwa juu yake. Jijini London kuna Museum of Freemasonry, yenye vitu vya aina hii pamoja na nyaraka. Makumbusho yakikataa aproni yako usiumie. Za kawaida ni nyingi, na ndiyo maana sokoni nazo hazina bei kubwa. Mimi nisingeuza.

Mkiamua kuitunza, msiifue wala msisugue nyuzi za dhahabu zilizopiga weusi. Hariri ya zamani hupasuka penye mikunjo, hivyo ilazwe bila kukunjwa ndani ya karatasi isiyo na asidi, gizani na pakavu, si kwenye mfuko wa plastiki.

Wapo Wamasoni wanaotaka kuzikwa na aproni yao, kwa hiyo muulize mzee angali hai. Na msigawane vitu hivyo kama vikombe vya kabatini. Mkabidhini mtu mmoja, pamoja na karatasi inayoeleza vilikuwa vya nani.