Daktari wa mzee amelipwa na kampuni ya magoti bandia: namna ya kusoma takwimu za Medicare na Open Payments

Ndugu muuliza swali,

Umeeleza kwamba baba yako, mwenye umri wa miaka 71 na anayetibiwa kwa Medicare ya kawaida, yaani bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani ambayo hasa ni ya wazee, ameambiwa abadilishiwe goti. Ulipotafuta jina la daktari wake wa upasuaji katika Open Payments, orodha ya umma ya fedha ambazo kampuni za dawa na vifaa tiba huwalipa madaktari, ulikuta amepokea takriban dola 38,000 kutoka kampuni moja ya vifaa tiba katika mwaka mmoja, nyingi zikiwa ada za ushauri, na takwimu za Medicare zikakuonyesha kwamba mwaka huohuo alibadilisha magoti 34 tu. Umeuliza kama hiyo ni rushwa, na kama daktari mwenye magoti 34 kwa mwaka ana uzoefu wa kutosha. Nimefanya kazi ya kuandaa madai ya bima katika kliniki ya mifupa jimboni Ohio kwa miaka kadhaa, na mama mkwe wangu naye alibadilishiwa goti na daktari aliyekuwamo katika orodha hiyohiyo, kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa ofisini na pia kama ndugu wa mgonjwa.

Nianze na hayo magoti 34, maana hapo ndipo watu wengi hupotoka. Takwimu ulizozisoma hutolewa na CMS, taasisi ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia Medicare, na zilianza kuwekwa wazi tarehe 9 Aprili 2014, zikihusu huduma za mwaka 2012. Kabla ya hapo zilifungwa kwa zaidi ya miaka 30, kwa sababu mwaka 1979 madaktari wa Florida walipata zuio la mahakama dhidi ya kutangazwa kwa malipo yao. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2013 baada ya kampuni ya habari ya Dow Jones kulipinga mahakamani. Kilichofunguliwa, hata hivyo, ni sehemu tu ya kazi ya daktari. Wagonjwa wa bima binafsi, ambao wengi wao hawajafikisha miaka 65, hawamo. Waliojiunga na Medicare Advantage, yaani mpango wa Medicare unaoendeshwa na kampuni za bima, nao hawamo, na siku hizi hao ni zaidi ya nusu ya wote wenye haki ya kuuchagua mpango huo. Zaidi ya hayo, huduma ambayo daktari ameitoa kwa wagonjwa 10 au pungufu haionyeshwi kabisa, ili kulinda siri za wagonjwa. Kwa hiyo 34 ni kiwango cha chini. Daktari huyo huenda amebadilisha magoti mara mbili au tatu ya hayo, na jedwali haliwezi kukuambia ni mangapi. Idadi kamili utaipata kwa kumuuliza yeye mwenyewe.

Ukirudi kwenye jedwali, tazama msimbo, yaani namba inayotambulisha kila huduma, kabla ya kutazama fedha. Kubadilisha goti lote ni 27447, nyonga ni 27130, na kudunga sindano katika kiungo kikubwa kama goti au bega ni 20610. Utaona safu ya idadi ya huduma na safu nyingine ya idadi ya wagonjwa, nazo si lazima zilingane, kwa kuwa mgonjwa mmoja anaweza kubadilishiwa magoti yote mawili. Kuwa mwangalifu hasa na misimbo inayoanza na herufi J, ambayo ni ya dawa. Msimbo J7325, unaohusu dawa ya kulainisha goti inayouzwa kwa majina ya Synvisc na Synvisc-One, huhesabiwa kwa miligramu, na sindano moja ya Synvisc-One ina miligramu 48. Kwa hiyo daktari anayeonekana ametoa huduma 960 za msimbo huo huenda amedunga sindano 20 tu. Nimewahi kupokea simu ya mgonjwa aliyekasirika akidai kwamba daktari wetu anadunga watu kama mashine, na baada ya kugawanya kwa 48 tulibaki na idadi ya kawaida kabisa kwa kliniki ya mifupa.

Kuhusu fedha, kiwango alichotoza daktari karibu hakina maana yoyote, kwa sababu Medicare hailipi kiwango hicho. Inalipa kile ilichokiidhinisha yenyewe. Kwa goti moja, ada ya daktari wa upasuaji iliyoidhinishwa ni dola elfu moja na kidogo zaidi, ikijumuisha matembezi ya kawaida ya kumwangalia mgonjwa kwa siku 90 baada ya upasuaji. Hospitali hulipwa kando, katika hesabu nyingine kabisa, na goti bandia lenyewe hununuliwa na hospitali. Naomba ulishike jambo hili la mwisho, maana nitalirudia.

Sasa tuingie kwenye hizo dola 38,000. Open Payments ilizaliwa na sheria ya afya ya mwaka 2010, ile inayojulikana kama Obamacare, ingawa kifungu chake kilipiganiwa kwa miaka kadhaa na maseneta wawili wa vyama tofauti, Chuck Grassley wa Iowa na Herb Kohl wa Wisconsin. Kampuni za dawa na vifaa tiba zilianza kukusanya kumbukumbu za malipo Agosti 2013, na umma ukaziona kwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 2014. Kila mwaka, ifikapo mwisho wa Juni, hutolewa za mwaka uliotangulia, baada ya daktari kupewa nafasi ya kuzikagua na kuzipinga. Malipo yenye mgogoro ambao haujatatuliwa huchapishwa hivyohivyo yakiwa na alama ya mgogoro. Kampuni haina hiari ya kutoa taarifa au kutotoa. Isipotoa hutozwa faini.

Fani ya mifupa ilianza kumulikwa hata kabla ya sheria hiyo. Septemba 2007, kampuni tano zilizokuwa zikishika takriban asilimia 95 ya soko la magoti na nyonga bandia nchini Marekani, yaani Zimmer, DePuy, Biomet, Smith & Nephew na Stryker, zilifikia makubaliano na ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali kuu jimboni New Jersey, baada ya uchunguzi uliohusu madai kwamba mikataba ya ushauri ilitumiwa kuwavuta madaktari wa upasuaji watumie vifaa vya kampuni fulani. Nne kati yake zililipa jumla ya dola milioni 311, na Stryker, iliyokuwa ya kwanza kushirikiana na wachunguzi, haikulipa. Nakutajia historia hii ili uone kwamba hofu yako haikutoka hewani. Hata hivyo, sheria inakataza malipo yanayotolewa ili daktari atumie bidhaa itakayolipiwa na serikali. Haikatazi kumlipa daktari kwa kazi halisi, kwa bei halali ya kazi hiyo. CMS wenyewe wanaeleza kwamba kuwamo katika orodha si ushahidi wa kosa. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba jumla pekee haiwezi kukuonyesha rushwa, lakini aina ya malipo inaweza kukuonyesha mahali pa kuuliza.

Chakula ndicho kinachojaza mistari mingi na kubeba fedha kidogo. Pale kliniki kwetu, wakala wa kampuni aliingia na masanduku ya mikate na saladi saa sita mchana, akapitisha karatasi ya kusaini, kisha gharama yote ikagawanywa kwa idadi ya waliokula. Sehemu ya daktari iliandikwa kwa jina lake, na sisi wa mapokezi na wa madai tulikula bila kuandikwa popote. Kwa mwaka 2024, malipo yasiyofika dola 13.07 hayakuhitaji kuripotiwa mpaka jumla yake kwa mwaka izidi dola 130.66. Sisemi kwamba chakula hakina athari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA Internal Medicine ulionyesha kwamba madaktari waliopokea hata mlo mmoja wa kampuni, wa thamani isiyofika dola 20 kwa wastani, waliandika zaidi dawa ya kampuni hiyo, ingawa utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba mlo ndio uliosababisha. Lakini kwa goti la mzee wako, mistari hiyo nisingeipotezea usiku.

Ada ya ushauri ni jambo zito zaidi, hasa ikitoka kampuni ileile mwaka baada ya mwaka. Mara nyingi huambatana na safari na malazi, kwa sababu daktari hupelekwa kuwafundisha wenzake namna ya kutumia kifaa. Mrabaha ni mzito kuliko yote kwa kiasi, nao maana yake ni kwamba daktari alishiriki kubuni kifaa na hulipwa kinapouzwa. Mtu wa namna hiyo huenda ni fundi hodari kuliko wenzake wote, na papo hapo ana maslahi ya moja kwa moja. Ni madaktari wachache wanaopata mirabaha hiyo mikubwa, na hao wachache hupandisha wastani wa fani nzima, kwa hiyo usimpime daktari wako kwa wastani huo. Kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni jedwali la umiliki, ambalo watu wengi hawalifungui. Daktari au mtu wa familia yake akiwa na hisa katika kampuni inayoiuzia hospitali vifaa anavyovitumia yeye mwenyewe, hapo ningesimama na kuuliza kwa undani. Mwaka 2013 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani alitoa tahadhari maalumu kuhusu kampuni za usambazaji zinazomilikiwa na madaktari, akieleza kwamba kwa asili yake zinatia shaka.

Nilikuomba ushike kwamba goti hununuliwa na hospitali. Sababu ni hii: majedwali haya mawili hayakutani. Open Payments itakuonyesha kampuni iliyolipa, na mara nyingine jina la kifaa kilichohusika, lakini dai linalopelekwa Medicare lina msimbo 27447 tu, bila jina la kampuni iliyotengeneza goti aliloweka daktari. Hakuna tovuti ya umma itakayokuonyesha kwamba daktari huyu alilipwa na kampuni fulani kisha akaweka magoti ya kampuni hiyo mara kadhaa. Watu huweka namba hizi mbili pamoja na kudhani wamepata ushahidi, ilhali kiungo kilichokosekana kiko kinywani mwa daktari na katika faili la mgonjwa.

Kwa hiyo uliza. Mama mkwe alipokwenda kwa ziara ya maandalizi, tulimwomba daktari atuambie goti atakaloweka ni la kampuni gani, kwa nini amechagua hilo, na kama ana mkataba na kampuni hiyo. Hakukasirika. Alichukua mfano wa goti la plastiki uliokuwa juu ya kabati, akautaja kwa jina, akasema kwamba ndiyo, hulipwa kuwafundisha madaktari wengine kuutumia, na kwamba kwa mgonjwa mwenye mzio wa nikeli hutumia wa kampuni nyingine. Mama mkwe akauliza swali lake mwenyewe: hilo goti umelitumia tangu lini? Akajibu kwamba tangu akiwa mafunzoni, miaka mingi kabla ya kulipwa chochote zaidi ya chakula. Hilo ni jibu linaloweza kukaguliwa kwa kiasi fulani, na hapo ndipo takwimu zina faida yake. Jioni nilifungua miaka ya nyuma, nikakuta milo tu, na ada za ushauri zikianza baadaye, kama alivyosema. Haikuthibitisha kwamba goti hilo ndilo bora kwake, lakini ilinionyesha kwamba daktari hakutudanganya katika jambo ambalo angeweza kutudanganya.

Kwa kuwa umesema mzee hazungumzi Kiingereza vizuri, usikubali ziara hiyo iendeshwe kwa wewe kutafsiri peke yako. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumpatia mkalimani mwenye sifa bila malipo, na Kiswahili hupatikana kwa simu au video. Omba siku unapopanga miadi, si siku ya miadi yenyewe. Upasuaji ukishafanyika, omba nakala ya ripoti ya upasuaji pamoja na kumbukumbu ya vipandikizi. Wauguzi wa chumba cha upasuaji huweka katika faili lebo zinazotoka kwenye pakiti za goti, zenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo, na hizo utazihitaji iwapo siku moja kampuni itatangaza kurudisha bidhaa.

Na kama majibu ya daktari hayatakuridhisha, usibaki kubishana na jedwali. Kwa upasuaji usio wa dharura, Medicare hulipia maoni ya daktari wa pili kama inavyolipia ziara nyingine, asilimia 80 baada ya kiwango cha mwaka ambacho mgonjwa hujilipia kwanza, na ikiwa wawili hao wametofautiana, hulipia hata ya wa tatu. Mtafute asiye wa kundi moja na huyu wa kwanza, mpelekee picha za eksirei zilizokwisha kupigwa ili mzee asipigwe nyingine bure, na jina lake nalo lipitishe katika orodha zote mbili kabla ya kwenda.