Usikariri sauti yako tu: kwa wapya wa okestra

Wengi mnaojiunga na okestra hapa Dar es Salaam mmetokea kwenye kwaya au bendi za tarumbeta za kanisani. Mkikabidhiwa nota, mnakimbilia nyumbani kukazana na mistari inayosumbua vidole. Fanyeni hivyo, lakini baadaye. Kwanza ujue muziki wenyewe unakwendaje, maana anayejua sauti yake tu hupotea mara jirani anapokosea. Hana kingine cha kushika.

Chukua Simfoni ya 9 ya mtunzi Dvořák. Aliitunga Marekani, alikokwenda mwaka 1892 kuongoza chuo cha muziki jijini New York, na ikapigwa mara ya kwanza Carnegie Hall Desemba 1893. Ina sehemu nne, kama dakika 40. Isikilize yote bila ala mkononi. Tafadhali, si kwenye daladala: sehemu ya pili huanza kwa sauti ya chini mno, honi na kelele za konda zitaimeza yote. Ngoja usiku, nyumba ikitulia.

Anza na hiyo ya pili. Ala za shaba zikishapiga akodi zao nzito, kornangle, ambayo ni aina ndefu ya obo (ala ya mbao ya kupuliza) yenye sauti ya chini zaidi, inaleta wimbo: mi so so, mi re do, re mi so mi re. Uimbe kwa mdomo, kama mazoezi ya kwaya. Hapo hamna fa wala ti, na nadhani ndiyo maana unashika haraka hivyo. Watu wengi huamini ni wimbo wa kale wa Wamarekani Weusi. Kweli Dvořák alizipenda nyimbo zao na alizisikia kwa Harry Burleigh, aliyekuwa akisoma chuoni pale, ila wimbo huu ni wake. Maneno ya Kiingereza yanayoimbwa siku hizi yaliwekwa mwaka 1922 na mwanafunzi wa zamani wa Dvořák. Umiliki kabisa, kwa sababu sehemu ya nne inaurudisha pamoja na nyimbo nyingine za nyuma, na asiyezijua atasikia vurugu tu.

Tuba inapiga katika sehemu ya pili peke yake, tena mizani chache. Matoazi yana pigo moja simfoni nzima, ndani ya ile ya nne, wala si la kishindo; muda mfupi baadaye klarineti inaingia na wimbo mpya. Ukikaa kwenye viti hivyo, kuhesabu mapumziko hakutoshi. Pakua nota za okestra nzima, zipo bure kwenye IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni, kwa kuwa hakimiliki imeisha, uone nani anapiga kabla yako, kisha uandike kwa penseli kwenye karatasi yako: "fidla zinapanda", "klarineti".

Programu ya onyesho ikiwa na Simfoni ya 5 ya Beethoven, wapiga tromboni mnakaa kimya sehemu tatu nzima, na ya tatu inaungana na ya nne bila kusimama. Msisubiri ishara ya mwongozaji ndipo muinue ala. Mkisikia timpani, zile ngoma kubwa za okestra, inagonga taratibu chini ya nyuzi zilizoshikilia sauti ndefu, pulizeni pumzi ndani ya ala zipate joto, maana mnaingia kwa nguvu zote.