Jibu: Mtoto aliyezaliwa na kilo 2.1, je, akili itaathirika?

Mama wa Igoma, Mwanza, hongera na pole kwa pamoja. Unauliza kama mwanao, aliyezaliwa wiki ya 38 na kilo 2.1 kwa sababu hakukua vizuri tumboni, atakuwa mzito wa akili. Si lazima.

Kondo la nyuma likishindwa kumpitishia mtoto chakula na oksijeni ya kutosha, iwe kwa presha ya mama, upungufu wa damu au malaria yetu hii ya kandokando ya ziwa, mwili wa mtoto hujibana. Damu nyingi huelekezwa kwenye ubongo na moyo, viungo vingine vinapunjwa. Ndiyo maana huzaliwa kichwa kikubwa, miguu kama njiti (na majirani hawakosi la kusema). Ila kinga hiyo ina kikomo. Shida ikianza mapema au ikidumu, ubongo nao hupunjwa, na baadaye wengine huchelewa kuongea au husumbuka na umakini darasani. Wengi husoma kama wenzao.

Wangu alikuja na kilo 1.9. Nilimfunga kifuani kwa kanga, ngozi kwa ngozi, wiki tatu, jasho linatutiririka wote wawili. Sasa yuko darasa la tatu, mdomo haupumziki.

Kliniki usiruke. Omba wapime na mzunguko wa kichwa, si uzito tu. Akifika miezi 3 hatabasamu, au miezi 9 hakai mwenyewe, mpeleke kwa daktari wa watoto. Na huo uji wa dagaa ambao mama mkwe anataka kumpa, mwambie usubiri mpaka mtoto afikishe miezi 6.