Laki na nusu ya Bali: ilipe ukiwa bado Dodoma

Mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu hapa Kisasa, Dodoma. Tuko sita. Kwa miaka mitatu na ushee tuliweka laki moja moja kila mwezi, tukaapa kwamba safari hii hela haiendi kwenye sare za harusi ya mtu wala kumalizia lenta ya nyumba ya mtu. Tunakwenda Bali, kisiwa cha Indonesia. Kwa nini Bali na si Unguja, usiniulize. Mwenyekiti aliona picha kwenye simu, basi.

Wiki tatu kabla ya kuondoka, ilikuwa Agosti 2024, nikawaambia kikaoni kuwa kuna kitu sikukiweka kwenye bajeti. Tangu tarehe 14 Februari mwaka ule serikali ya jimbo la Bali inamtoza kila mtalii wa kutoka nje ya Indonesia rupia 150,000, mkubwa kwa mtoto. Vikombe vya chai vikasimama hewani.

"Laki na nusu? Kila kichwa?" mwenyekiti akauliza. "Si nauli ya treni Dar kwenda na kurudi hiyo, na chenji juu!"

Katibu akadakia kwamba tozo zimetufuata mpaka ughaibuni. Nilimwelewa. Neno tozo kwa Mtanzania lina kidonda chake, na kila aliyetuma hela kwa simu Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza, anajua ninachosema.

Nikatoa simu nikapiga hesabu mbele yao. Siku zile shilingi moja ilikuwa karibu rupia sita, kwa hiyo hiyo laki na nusu yao ni kama elfu ishirini na tano yetu. Wote sita tukijumlishwa ndiyo tunafika laki na nusu ya Kitanzania. Chai ikaendelea kunyweka. Kwa hiyo ukiona sifuri za rupia usikimbie, badilisha kwanza kwa kiwango cha siku hiyo. Na usiichanganye tozo hii na viza. Viza ya kuingia Indonesia ni kitu kingine, tuliilipia rupia 500,000 kila mmoja. Tozo ni ya Bali peke yake na unailipa mara moja kwa safari nzima, ukae siku tatu au wiki tatu.

Sasa tuje kwenye yaliyonitoa jasho. Niliingia mtandaoni usiku, nikaandika maneno ya tozo ya Bali, nikabonyeza tovuti ya kwanza iliyotokea. Nzuri kweli, ina picha za minazi na machweo. Nikajaza jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kufika, kufika chini naambiwa dola 35. Nikasema hapana, hesabu hii si ile. Kumbe wale ni madalali wa mtandaoni: wanachukua fomu yako, wanakwenda kukulipia kwenye tovuti halali, tofauti wanatia mfukoni. Na hao ndio wenye afadhali, maana wapo wanaochukua hela wakayeyuka nayo. Tovuti ya serikali inaitwa Love Bali, na anwani yake inaishia na baliprov.go.id. Sisi tumeshazoea kwamba cha serikali kinaishia na go.tz. Kwao ni go.id. Mimi sasa natazama mkia wa anwani kabla sijatazama picha.

Tovuti nimeipata, kadi ya benki ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena. Kesho yake nikapanda bodaboda hadi mjini, nikakaa foleni saa nzima na nusu, dada wa dirishani akaniambia kadi yangu haijafunguliwa manunuzi ya mtandaoni ya nje, nijaze fomu nisubiri siku mbili za kazi. Siku mbili zikawa tano, na nilipopiga simu nikaambiwa mtandao unasumbua. Sikusubiri ya sita. Nilitumia kadi pepe ya pesa za simu, ile unayoitengeneza mwenyewe kwenye menyu bila kumwona mtu. Iwekee hela kidogo zaidi ya hesabu yako, kwa sababu kiwango wanachokata si kile ulichokiona asubuhi. Mimi nilipungukiwa na shilingi mia nane tu, malipo yakagoma, nikatoka na kanga saa mbili usiku kumtafuta wakala.

Kisha angalia namba ya pasipoti mara mbili, halafu mpe mwenzako naye aiangalie. Ukishalipa, vocha yenye msimbo wa QR inakuja kwenye barua pepe. Zetu nilizipeleka steshenari pale Majengo, nikazichapisha kwa shilingi mia mbili kila ukurasa. Wenzangu walinicheka. Karatasi, zama hizi!

Katibu hakutaka kulipa mapema. Msimamo wake: "Mimi nitalipa huko huko, siwezi kumlipa mtu sijamwona." Simlaumu, ndivyo tulivyolelewa. Tukapanda treni ya SGR, ambayo ilikuwa na wiki chache tu tangu ianze kufika Dodoma, na usiku tukaruka kutoka Dar. Kule uwanja wa ndege wa Ngurah Rai dirisha la kulipia tozo lipo, hilo ni kweli. Ila katibu alikuwa na kadi pepe peke yake, na ili ikubali inasubiri namba ya siri ya muda inayokuja kwa meseji kwenye laini yako ya nyumbani. Laini yake hakuiunganisha na huduma ya nje ya nchi. Meseji ilikwama Tanzania. Alisimama pale ameinua simu juu kama anatafuta mtandao kijijini, sisi watano tumekaa juu ya mabegi, miguu imevimba kwa safari ya karibu siku nzima. Mwishowe mmoja wetu mwenye kadi ya plastiki akamlipia, naye akamrudishia dola taslimu, kwa kiwango ambacho hadi leo wanabishania.

Jambo lililomuuma zaidi: tulipotoka uwanjani hakuna aliyetuuliza vocha. Hata mmoja. Akaniangalia jicho la "unaona?". Nikanyamaza.

Siku ya nne tukaenda Uluwatu, hekalu lililo ukingoni mwa jabali, bahari chini yako, na nyani wezi wa miwani (ya mwenyekiti ilichukuliwa, ikakombolewa kwa matunda). Pale hauingii bila kufunika miguu. Wageni wengine wanavalishwa vitambaa vya pale, sisi tulikuwa na kanga zetu kutoka nyumbani. Kabla ya kuingia, maafisa wamesimama wanaomba vocha. Vijana wawili wa Kizungu mbele yetu hawakuwa nazo, wakaanza kulipia kwenye simu palepale juani. Mwenyekiti akatafuta simu yake: imezima, alikuwa akirekodi nyani tangu asubuhi. Nikafungua pochi, nikatoa karatasi tano za Majengo. Afisa akazimulika kwa kifaa chake moja baada ya nyingine, akatabasamu, akaonyesha kidole maandishi ya kanga yangu akitaka kujua yanasemaje. Ilikuwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Dereva wetu alimtafsiria kadiri nilivyoweza kumweleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Jamaa alicheka hadi akapiga paja.

Fedha hiyo inasemwa ni ya kulinda utamaduni na mazingira ya kisiwa, pamoja na kupambana na taka. Kama inafika yote huko, hilo ni la Wabali kuulizana wao kwa wao. Mimi niliridhika siku tuliyopelekwa Jatiluwih, kwenye majaruba ya mpunga yaliyopandiana mlimani kama ngazi. Maji yanatoka juu, yanagawanywa shamba hadi shamba kwa utaratibu wao uitwao subak, wakulima wanapangiana zamu na mahekalu ya maji yanahusika, na UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2012. Sisi wa Dodoma, ambao mvua yetu ni ya msimu mmoja na ikichelewa mtama unakauka ukiwa na urefu wa kiganja, tulisimama pale muda mrefu bila kusemeshana. Mmoja wetu, Mgogo wa Bahi na mkulima wa mpunga, alichutama akachovya mkono kwenye mfereji, akauacha humo.

Kwa wenye wageni wa nje wanaopitia kwetu kwenda Zanzibar: nao waambieni mapema. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anayeingia visiwani ananunua bima ya lazima ya dola 44 kwa mtu mzima, ya Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama ana bima ya kwao. Sisi raia haituhusu. Shemeji wa mmoja wetu alikuja kutoka Ujerumani akaisikia habari hiyo akiwa tayari na begi mkononi, na uso wake ulikuwa uleule wa mwenyekiti siku ya vikombe.

Kikoba kimeanza upya. Safari hii ni kisiwa cha Mafia, na kwenye hifadhi ya bahari kule nako kuna kiingilio. Katibu mwenyewe ndiye aliyesimama kikaoni akataka kiandikwe mstari wa kwanza kwenye daftari, juu ya nauli, na akauliza kama kinalipiwa kwa simu.