Polisi wa India hawawezi kumshtaki muuza dawa asiye na leseni

Ndugu, umeuliza kama polisi wa India wanaweza kumpeleka mahakamani mtu anayeuza dawa dukani bila leseni. Chini ya Sheria ya Dawa na Vipodozi ya 1940, hapana, na hapa ndipo kesi nyingi huvunjikia.

Kosa lenyewe liko kifungu cha 18(c). Adhabu ni kifungu cha 27(b)(ii): jela miaka 3 hadi 5, na faini isiyopungua rupia laki moja au mara tatu ya thamani ya dawa zilizotaifishwa, kutegemea ipi ni kubwa. Lakini kifungu cha 32 kinataja wanaoruhusiwa kufungua mashtaka: mkaguzi wa dawa, ofisa wa serikali aliyeidhinishwa, mtu aliyeathirika, au chama cha walaji kinachotambuliwa. Polisi hawamo. Mwaka 2020, katika kesi ya Ashok Kumar Sharma, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba polisi hawawezi hata kufungua jalada la uchunguzi kwa makosa haya. Wakikuta dawa, wamwite mkaguzi. Makosa ya sheria nyingine, kama utapeli, wanaendelea nayo.

Kesi husikilizwa na Mahakama ya Sesheni (mahakama ya India ya kesi nzito za jinai, iliyo juu ya hakimu) au ya juu zaidi, si na hakimu wa chini.

Angalia pia mshtakiwa ni nani. Daktari aliyesajiliwa anayewapa wagonjwa wake dawa bila kuendesha duka ana msamaha kwenye kanuni, na si haki kumburuza pamoja na wachuuzi.